Mzee Alisema Anawachezea Watoto

Nyakatuntu,
Karagwe.
12 Oktoba, 1997

Mpendwa wifi yangu Laurensia,

Salamu nyingi zikufikie huko Tabora, wewe, shemeji Mwesigwa na kipenzi chetu Kobusingye. Habari za siku nyingi? Habari za kazi, na za hilo joto ulilolilalamikia katika barua yako? Kifua cha shemeji kimepona, au bado anakohoa na kukataa dawa kama kawaida yake? Na Kobusingye, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kibogoyo? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana wewe kwa kuruka maswali sikuwezi.

Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Kaka yako Theoneste yupo, anakwenda Murongo na kurudi na vitenge vyake. Kila akirudi anasema biashara imekufa, na kesho yake anakwenda tena. Yustus yuko darasa la nne na Fidele la pili. Yule ng'ombe wenu mwenye baka jeupe amezaa jike. Mvua zimeanza mapema na kwa hasira, maharage yamelala chini, lakini migomba inafurahi.

Barua yako niliipokea, na habari ya kuchaguliwa chuo cha uuguzi ilitufurahisha mno. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka majirani wakadhani nimeona nyoka. Hongera sana, wifi. Hilo la kumleta Kobusingye hapa wakati wa Krismasi, akae na babu yake mpaka umalize masomo, nimelisoma na kulirudia. Ningependa niseme tu karibuni, kitanda kipo, maziwa yapo. Lakini kuna jambo limetokea, na nimelizunguka muda mrefu hadi nimechoka kulizunguka. Kaa chini kwanza. Hakuna aliyekufa.

Unajua makambi ya wakimbizi yalipofungwa, walibaki watoto huku na huku kwenye nyumba za watu, wengine hawana hata wa kuwauliza walikolala. Basi parokia ikaona kila anayejitolea kushughulika na watoto, awe wa kwaya, wa mafundisho ya komunyo au wa chama cha watoto cha Utoto Mtakatifu, ahudhurie semina ya kuwalinda watoto, kisha ahojiwe. Akionekana anafaa anaendelea, asipofaa anapumzika.

Hakuna aliyepinga, na mimi nilikuwa mbele kushangilia. Unamkumbuka yule binti wa jirani yetu wa bondeni, aliyeharibiwa na mjomba wake? Wazee walikaa, wakanywa rubisi, likaitwa jambo la ukoo, wakasema limekwisha. Binti mwenyewe mpaka leo hapiti njia ile. Kwa hiyo niliposikia semina ya namna hii inakuja kwetu, nilisema hata kama ni kwenda kwa miguu nitakwenda, na nilikwenda.

Mwalimu wetu aliitwa Bwana Cassian, mtu wa Morogoro. Nakuambia kwa haki, ni mtu mwema na anaijua kazi yake. Tena ana Kiswahili kitamu cha adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotuponza. Ile dhambi yenyewe hakutaka kuitaja kwa jina lake mbele ya wanawake na masista. Siku zote za semina alisema hivi: mtu asimchezee mtoto, ukiona mtoto anachezewa toa taarifa, mtoto aliyechezewa hubadilika. Sisi tuliosoma tulielewa. Kwa wazee, katekista Xaveri alikuwa anatafsiri kwa Kinyambo, lakini kila akifika hapo naye anaona haya, anakohoa, anasema "mambo mabaya" na kuruka mbele.

Kati ya wazee hao alikuwemo baba yenu. Yeye ndiye anayewafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu ngoma, tangu mama yenu alipofariki. Hukuwahi kumwona akiwafundisha, kwa hiyo ngoja nikueleze. Jumapili baada ya misa huvaa njuga miguuni na yale manywele marefu ya mkonge kichwani, anawachezea kwanza yeye peke yake, mikono imenyooka juu, anatikisa shingo na kukanyaga ardhi mpaka vumbi linapanda. Wadogo wanakimbilia kwa mama zao, wakubwa wanacheka, halafu wote wanaingia kumfuata. Umri ule, wifi, na miguu bado inamsikiliza! Nilikuwa nachungulia nyuma ya wanawake wenzangu, kwa kuwa si vizuri mkamwana kumkodolea macho baba mkwe akicheza.

Na hilo la ukamwana usilisahau katika habari hii. Unajua ninyi Wanyarwanda mlivyo wakali. Nilipoolewa mlikuwa mnanicheka nikizunguka maneno ili nisitaje jina la mzee. Mpaka leo sijalitaja hata mara moja, na hata hapa kwenye karatasi sitaliandika. Siketi naye mkeka mmoja. Nikimpa maji natazama pembeni. Nimezoea, na kusema kweli naipenda heshima ile, inanifanya nijione nina kwetu hapa.

Sasa ikaja siku ya kuhojiwa. Walikaa ofisini kwa paroko, Bwana Cassian, Sista Costansia na katibu wa parokia, Egbert. Kila mtu aliingia na mwenzake mmoja wa kigango kuwa shahidi. Wenzetu wa Nyakatuntu walikuwa wameshahojiwa na kuondoka kuwahi gari, nikabaki mimi tu. Kwa hiyo nikaingia na Mzee, nikakaa kwenye benchi la mlangoni, uso nimeuelekeza ukutani.

Walimwuliza anakaa na nani, anafundisha wapi, anawaadhibu vipi watoto wakorofi. Alijibu vizuri kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na wote wakacheka alipowaambia mtoto mkorofi dawa yake ni kumpa apige ngoma. Halafu Bwana Cassian akamwuliza kwa upole, "Mzee, umewahi kumchezea mtoto?"

Sikumwona uso, lakini nilisikia kabisa anavyofurahi. "Mimi? Nachezea sana! Kila Jumapili. Na hawa wa kwangu nilichezea wote. Theoneste, Laurensia, wote."

Bwana Cassian akauliza watoto wenyewe wanasemaje.

"Mwanzo wanaogopa. Wengine wanalia," akasema baba yenu. "Baadaye wanazoea. Wanakuja wenyewe nyumbani, wananiambia babu, tuchezee."

Wifi, nikasimama, nikasema anamaanisha ngoma, anawachezea ngoma, kila mtu kigangoni anajua. Na kwa sarufi hakukosea hata kidogo, akicheza mbele ya watoto ili waone, si anawachezea? Bwana Cassian akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mkwe. Akaniambia, bila ukali wowote, "Dada, ndugu hamjibii ndugu. Keti."

Akamgeukia Mzee na kumwuliza kama anaelewa neno hilo lina maana gani. Mzee hakuelewa hata swali. Akauliza kwa Kinyambo, "Nimesema nini?" Katibu Egbert anakijua Kinyambo kama mimi na wewe. Aliinamia meza. Sista hakijui. Mzee akauliza tena, na safari hii alikuwa ananiuliza mimi, maana nilisikia sauti imegeuka upande wangu.

Basi nilimwambia. Ningefanya nini? Nilimwambia kwa Kinyambo, wazi, kwa kuwa neno la kulifunika sikulipata. Mimi, mkamwana wake, nisiyethubutu kumwita jina, ndiye niliyemtamkia baba yenu jambo lile mbele za watu.

Alivua kofia, akajifunika nayo uso, akatoka. Hakuaga. Alipita karibu yangu akijibana upande wa pili ili nguo yake isiniguse.

Wewe unaelewa alitoka kwa sababu gani. Mwanamume yeyote wa kwenu angetoka. Angebaki pale na mimi, baada ya neno lile, ndipo ingekuwa ajabu. Lakini Bwana Cassian ni wa Morogoro. Alichokiona ni mtu aliyekiri akicheka, akaelezwa maana, akakimbia.

Nilimweleza desturi yote, mwanzo mpaka mwisho, nikilia. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Akasema, "Dada Margreth, moyoni nakuamini. Lakini kila nilikopita, yule aliyefanya kweli naye ana ndugu wa kumwelezea, wanalia hivi hivi. Nikiwapokea wa huyu, wa yule nitawakataaje?" Nikamkumbuka yule binti wa bondeni, na ndugu wa mjomba wake walivyokuwa wanajua kueleza. Jibu lake mpaka leo sina, na ndilo linalonitesa kuliko yote, kwamba siwezi hata kumchukia mtu huyu.

Ikaamuliwa Mzee asikae na watoto mpaka kamati ya parokia ichunguze. Bwana Cassian akaenda zake parokia nyingine. Paroko wetu naye akahamishwa, na mpya hajafika, na bila paroko kamati haikai. Nikimwuliza Sista Costansia ananishika mkono na kusema tusubiri, tusali. Nasali. Lakini tazama, wifi, hakuna mtoto aliyelalamika, hakuna mzazi aliyeshtaki. Hakuna kesi, kwa hiyo hakuna wa kuifuta. Liko tu pale.

Kaka yako unamjua kwa hasira. Alikwenda parokiani, akamfokea Egbert mpaka watu wakajaa mlangoni. Aliporudi alijiona shujaa. Jumapili iliyofuata habari ikawa kwamba katika familia ile lazima kuna kitu, ndiyo maana wanapiga kelele.

Midomo ya watu huijui? Kilabuni wanataniana, mmoja anamwambia mwenzake "njoo nikuchezee," wanaangua kicheko. Hao hawaniumizi sana. Aliyeniumiza ni Nyiransabimana, jirani yetu, ambaye watoto wake wote wamefundishwa ngoma na Mzee, na yeye kwao ni huko huko kwenu, anaelewa vizuri mno Mzee alitaka kusema nini. Ameacha kuwaleta. Nilimwuliza tukiwa kisimani, akajibu bila kunificha, "Ninajua hakufanya. Lakini nikiwapeleka sasa, nitaonekana mama wa namna gani?" Nikamtwisha ndoo yake, akaenda. Hata mimi, kama watoto wangekuwa wangu na mzee angekuwa wa mtu mwingine, sijui ningefanyaje.

Mzee mwenyewe amekwisha. Njuga amezifunga kwenye kitambaa na kuzitia katika sanduku la marehemu mama yenu. Misa anakwenda ya kwanza, ya alfajiri, ambayo haina watoto, na anakaa nyuma kabisa. Watoto wakimwona njiani wakamwita babu, anavuka upande wa pili. Hata wajukuu zake wa humu ndani hawataki. Fidele ndiye aliyekuwa anampelekea chakula, wanakula pamoja, anamwachia nyama. Siku hizi anamwambia aweke mlangoni aende. Mtoto aliniuliza, "Mama, nimemkosea nini babu?" Nikamwambia babu anaumwa. Akauliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza, nikatoka nje nisije nikalia mbele yake.

Na mimi ndiye nisiyeweza kumfikia. Ungekuwa wewe ungeingia, ungepiga magoti, ungelia, mngeyamaliza. Mimi nikitaka kumwomba radhi, lazima niliguse tena jambo lile lile, na nikiligusa nitamfukuza mbali zaidi. Kwa hiyo namfulia, nampikia, nafagia uwanja mpaka kwenye kizingiti chake, basi. Nikisikia anakohoa ndani najua yupo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita alimwita kaka yako. Alisema alikuwa ameshasomewa barua yako na anaomba ujibiwe mapema, usije ukakata tiketi. Alisema Kobusingye asiletwe. Kaka yako alibisha, akamwambia ni damu yake, ni nyumba yake, nani atamkataza. Mzee akasema mtoto akija yeye atahama, ataenda kukaa kwa jamaa zake Nkwenda. Na hatanii. Ameshauliza magari.

Mimi nakosa la kukushauri, wifi yangu. Ukimleta, utamfukuza mzee nyumbani kwake katika umri huu. Usipomleta, watu watasema hata binti yake wa kumzaa anamwogopa, na hilo litafika kwenye kamati kabla kamati yenyewe haijakaa. Nimelipindua huku na huku, pande zote linakata. Na chuo chako kinafunguliwa Januari. Usikiache, nakusihi. Kama ni lazima niletee mtoto mimi, nitamweka kwa mama yangu kule Kayanga, ingawa najua si hivyo ulivyotaka.

Halafu alisema na la pili. Kaka yako hakutaka niliandike, tumegombana, ameenda kulala na hasira zake. Naliandika kwa sababu lilitumwa kwako, si kwake.

Mzee anakuuliza wewe. Amesema kwamba siku ile alitamka kwa mdomo wake kuwa aliwachezea watoto wake wote, na akakutaja jina. Tangu hapo kila akikumbuka mlivyokuwa wadogo, alivyowarusha juu na kuwadaka, alivyowabeba mgongoni, alivyokuwa akiwaogesha wakati mama yenu amelazwa, haoni tena kama alivyokuwa akiona. Anasema huenda mambo ambayo baba haoni kuwa ni mabaya, mtoto aliyaona. Anaomba umwambie kama kuna siku yoyote alikuogopesha, au ulilia na yeye akadhani unacheka. Anasema usimwonee haya wala huruma.

Kaka yako alipomjibu yeye kwamba hakuna kitu, baba, hakuna kitu kabisa, alisema, "Wewe ni mwanamume. Namwuliza Laurensia."

Mjibu, nakuomba. Kamati haitaipokea barua yako, kwa kuwa wewe ni mwanawe. Anayeingoja ni yeye. Iandike kwa Kinyarwanda, usiandike kwa Kiswahili hata neno moja, na Theoneste atamsomea. Mimi nitakuwa nje.

Yustus na Fidele wanakusalimu, Fidele anauliza kama huko Tabora kuna senene, maana anataka kumwekea Kobusingye. Katekista Xaveri anakusalimu, anaona haya hata kutuma salamu, lakini ametuma. Mama yangu anawasalimu nyote. Mwenyezi Mungu awashike mkono huko mliko, akupe akili ya masomo, amkinge mtoto na kila baya.

Mzee anakusalimu sana wewe na mumeo. Tulingoja atume salamu kwa mjukuu wake. Kaka yako akamwuliza, "Na Kobusingye?" Akasema hizo mpaka wewe umruhusu.

Wifi yako akupendaye,
Margreth